Vipande Kumi na Sita vya Ua la Mama Mkwe

Mimi ni muuza nyama. Nimeshika kisu tangu nilipoacha shule darasa la tano, na sijawahi kutetemeka hadi nilipokata ua.

Mama mkwe alipofariki aliacha ua jekundu dirishani, lile linalochipua kutoka kwenye tunguu kubwa kuliko ngumi. Mke wangu na dada yake hawakugombania nyumba wala vyombo. Waligombania ua, wakanuniana. Shemeji alikuwa anahamia mbali, akatuma ujumbe: baada ya wiki kumi atapita kulichukua.

"Apite tu," mke wangu akasema. "Atalikuta ua, mimi hatanikuta."

Nikamuuliza muuza miche, mteja wangu wa maini, kama ua moja linaweza kuzaa mawili. Akasema tunguu hukatwa kama chungwa, juu hadi chini, na kila kipande kikifukiwa kwenye mchanga wenye unyevu huzaa kitunguu chake.

"Ukiliua je?" mke wangu akauliza.

"Mtalikosa wote. Mtapatana," nikamjibu.

Hakucheka.

Nikachemsha kisu, nikalipasua katikati. Nusu ya kwanza nikatoa vipande vinane. Lakini mkono una mazoea yake. Dukani, chochote ninachokata, kwanza nanyoa sehemu ngumu ya chini na kuitupa. Nikafanya hivyohivyo. Vikatoka safi, vya kupanga kwenye sinia. Muuza miche akapita kuchungulia, akashika kichwa.

"Mzee, umewakata watoto miguu! Mizizi hutoka kwenye hicho kitako, na kitunguu huota juu yake. Hivyo vyako sasa ni mboga."

Nusu nzima ya mama mkwe. Nilikaa kwenye kigoda, nikavizoa vile vinane, nikavitupa. Kisha nikainuka, nikaikata nusu iliyobaki taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Vipande vinane, kila kimoja na kitako chake. Nikavipaka majivu, nikavifukia kwenye mfuko wa mchanga, nikauweka juu ya kabati. Mke wangu akawa anaupita bila kuutazama, kama anapita maiti.

Wiki ya kumi shemeji akaingia.

"Ua la mama liko wapi?"

"Nimelikata. Na nusu nimeitupa."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ukakaa unamtazama huyu mchinjaji?"

"Usimwite hivyo nyumbani kwangu," mke wangu akajibu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mazishi.

Nikaushusha mfuko, nikaumwaga juu ya gazeti. Kati ya magamba ya kila kipande palikuwa na kitunguu cheupe, kigumu, saizi ya harage, chenye mizizi. Vipande vitatu vilikuwa na viwili viwili. Kimoja kilishatoa ncha ya kijani.

Wakainama wote wawili, vichwa vikagusana. Wakahesabu mara mbili. Kumi na moja.

"Wewe mkubwa, chukua sita," mke wangu akasema.

"Sita vya nini? Nani alimuuguza mama? Chukua wewe."

"Nimesema chukua!"

"Usinipigie kelele, mtoto wewe!"

Wakaanza upya, safari hii kila mmoja akimsukumia mwenzake, machozi na vicheko pamoja. Nikavaa aproni yangu nikaenda dukani kifua mbele, na kila mteja aliyeingia siku hiyo alisikia habari hii kabla hajapimiwa nyama.