Ndege Asiyelia

Macho ya fundi wa kuchomelea vyuma yalikuwa yanakufa, naye hakutaka kusema. Miaka yote alichomelea bila kinyago, jicho moja kalifumba, akidai kinyago ni cha wanagenzi. Sasa mageti yake yalianza kutoka kombo, na mke wake hakuwa mjinga.

"Baba watoto, keti hapa," mkewe alimwambia Jumapili asubuhi, akiweka kiti mbele ya bustani. "Nitajie kila ndege anayetua. Ukiwapatia wote, sikusumbui tena. Ukikosa mmoja, mashine yako ya kuchomelea inauzwa."

"Sema tu unatafuta sababu."

"Sababu ninazo tele. Taja ndege."

Fundi alicheka kimoyomoyo. Ndege wa pale aliwajua kama watoto wake, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuwatambua. Mbele yake bustani ilikuwa kama maji yaliyomwagiwa maziwa: kijani kinaelea, wekundu wa maua unayeyuka, ukuta unakuja na kwenda. Akajiegemeza, akayaachia masikio kazi.

"Shore, kwenye mpera."

"Ndiyo."

"Tetere wawili, ukutani. Dume anabembeleza, jike anaringa, kama wewe enzi zile."

"Acha maneno."

"Chiriku, kwenye kamba ya nguo."

Sauti zilimjia polepole, kila moja ikiwasha rangi kichwani mwake, hadi akaiona bustani nzima inang'aa kama zamani. Nusura asinzie kwa raha.

"Na sasa?" mkewe aliuliza, kwa sauti ya chini.

Akasikiliza. Upepo, majani, basi.

"Sasa hakuna kitu."

Hudihudi alikuwa amesimama nyasini, hatua moja tu kutoka miguuni pa fundi, kishungi kimefunguka kama upepeo. Tangu wahamie nyumba ile fundi alikuwa akimngoja ndege huyo atue kwao. Hudihudi akadonoa, akatembea kwa madaha, akaruka zake bila kutoa mlio.

"Alikuwa hudihudi, baba watoto," mkewe akasema, machozi yakimtoka.

Fundi akageuzia uso nyasini.

"Kishungi alikifungua?"

"Alikifungua chote."

Mashine iliuzwa wiki ileile. Asubuhi ile ilimgharimu karakana, kazi pekee aliyoijua, wateja aliowakusanya tangu ujana, na hudihudi mmoja.