Mandazi Ishirini na Saba

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umefungia mandazi. Apolline aligundua hayo asubuhi ileile ya kutetea mémoire yake, tasnifu ya hisabati ya kumalizia chuo, nakala za jury ya maprofesa zikiwa zimeshapigwa fotokopi na pengo hilohilo. Mama yake, Mama Élisabeth, muuza mandazi, wala hakuona haya.

"Ilikuwa maandishi tu, hata picha hakuna," alisema. "Papa moja wa Munigi alienda nayo."

Apolline alitaka kulia. Akishindwa leo, ni mpaka mwaka ujao, na tangu wakimbie Bunagana na kuingia katika hema hili la Kanyaruchinya, mwaka ujao lilikuwa neno asiloliamini kabisa.

Mama aliendelea na beseni lake. Kila beseni mandazi ishirini na saba: mafungu ya matatu, mafungu ya tisa kwa familia kubwa, na matatu ya kuonja juu, bila karatasi. Akikuta moja tu juu, hakuhesabu chochote, aliuliza mawili yako wapi. Apolline alishikwa hivyo tangu utoto.

Ukumbini chuoni, Profesa Mulumeoderhwa, mkuu wa jury, mtu asiyejua kucheka, alifungua mémoire.

"Mademoiselle, unasema kundi la wanachama ishirini na saba haliwezi kukosa kitovu: wale wanaopatana na kila mwenzao, ukiwazidisha, atangulie huyu au yule, jibu lilelile. Asiyebadilisha kitu yuko humo, sawa. Lakini nani alikuambia hayuko peke yake? Page quatorze, ile ya démonstration, ya kuthibitisha hayo, iko wapi?"

Chaki ilimlowa mkononi. Akatazama nyuma, kwa mama aliyepakata beseni lililofunikwa kitenge, na ghafla akacheka peke yake kama kichaa.

Akaandika 27. Akaonyesha kwamba wasiopatana na wote hujifunga katika mafungu, na kwamba ukubwa wa fungu lazima uigawe ishirini na saba: watatu, au tisa.

"Wanaopatana na wote wanabaki nje ya mafungu. Toa mafungu yote, kinachobaki lazima kigawanyike kwa tatu. Mmoja akibaki nje, kuna wengine wawili, angalau."

"Na kama si ishirini na saba?"

"Namba tasa yoyote, Profesa, ukiizidisha kwa yenyewe tu, mara unazotaka. Hesabu ni ileile."

Mulumeoderhwa aliwaomba watu watoke ili jury ijadiliane. Mama aliliacha beseni mezani, maana nje upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jeusi la Goma.

Walikaa nje muda mrefu. Walipoitwa, Mulumeoderhwa alisimama, akasoma alama zake za juu: "Grande distinction." Vigelegele vikapasuka, na Apolline akalia waziwazi, kwa furaha, begani kwa mama yake.

Kisha mama akafunua beseni awakaribishe watu. Juu palikuwa na andazi moja.

"Mbili iko wapi?" aliuliza.

Profesa Mulumeoderhwa alipangusa sukari kwenye masharubu.

"Mama," alisema, "tulikuwa tunahakikisha démonstration."

Mama Élisabeth alichukua lile lililobaki, akamwekea mkononi.

"Kamata na ya tatu, Papa. Moja haiwezi bakia yenyewe."