Kikombe Kilichowekwa Chini

Kabla ya alfajiri mchi uligonga kinu cha kahawa, polepole, kama wa mtu asiyetaka kuamsha watoto. Wadha akajua ni mumewe. Hulayel alizikwa kabla nyanya za bondeni hazijaiva, lakini kahawa ya nyumba ile siku zote alitwanga yeye.

Alikuwa ameketi nje, upande upepo unakoelekea, ili moshi mwekundu uliomtoka puani usimkohoze mkewe.

Ulikuwa moshi wa kiwandani, kando ya Bahari ya Chumvi. Pale klorini hupitishwa kwenye maji ya chumvi ya moto, ikachukua nafasi ya bromini, na bromini iliyofukuzwa hupanda juu, nyekundu, ikitafuta pa kwenda. Siku aliyokufa ilipenya kwenye bomba lililochakaa, ikaingia kifuani mwa Hulayel. Kiwanda kilisema ni moyo.

Wadha akammiminia kahawa. Hulayel akaweka kikombe chini bila kukipeleka mdomoni. Kwao mgeni akifanya hivyo ana haja, na mwenyeji hana budi kumsikiliza.

"Sema, Baba Jazaa."

"Mwanetu Jazaa asiingie zamu yangu mpaka wabadilishe lile bomba."

"Anaanza leo mchana. Hilo mimi siliwezi. Twende kwa Raafat."

Jua lilipochomoza walikuwa langoni. Mlinzi alimwambia Hulayel kitambulisho chake kimefutwa, kisha akawafungulia, maana alikuwa amekula kwao mara nyingi.

Raafat, msimamizi, alikuwa mtu wa bonde lile lile. Aliwamiminia kahawa. Wadha alimwonyesha bangili yake ya fedha. Alfajiri moshi ule ulikuwa umeipaka rangi ya manjano, na sasa, kwenye jua, ilikuwa inageuka nyeusi.

"Moyo haufanyi hivi," alisema.

"Jasho hilo, Mama Jazaa." Raafat akamgeukia Hulayel. "Na wewe, hata kufa hujui. Umekuja kudai likizo?"

Hulayel alicheka kidogo. Kikombe chake kilibaki chini. Aliitaja haja yake. Kahawa ikaanza kupoa, na wafanyakazi waliopita mlangoni wakaitazama. Raafat akaona aibu.

"Kunywa, ndugu yangu. Haja yako umeipata. Bomba litabadilishwa leo."

Hulayel akanywa yote. Mtu akishaambiwa vile hana la kuuliza tena.

Wakati wa kutoka, Wadha alimwona fundi juu ya ngazi akilipaka lile lile bomba chakavu rangi mpya ya kijani. Alirudi kwa Raafat, akaambiwa ameshakwenda Amman. Langoni Jazaa alikuwa ameshavaa buti, akingoja zamu.

Hulayel hakuona hayo. Alitangulia njiani akiwa mwepesi, moshi ukimpungua, na jua lilianza kupita mwilini mwake. Wadha hakuwa na moyo wa kumwambia. Alimfuta vumbi begani, pale palipokuwa bado na bega.

"Kesho uje tena," alisema. "Uje hata kama huna haja."