Dawa ya Mama Mkwe

Wewe ungenyamaza, binti yako akilaumiwa kwa kosa ulilolifanya wewe?

Nabwile alinyamaza. Alisimama nje ya wodi pale Bungoma, mgongo ameupa mlango, maana ndani alilala Wakoli, mume wa binti yake Rispah, na kwao mama mkwe hamtazami mkwewe usoni wala hamsemeshi.

Wiki iliyopita Rispah alimtembelea mamake Kitale, nyumbani kwake Kibomet, akalalamika kwamba amlodipini, ile dawa nyeupe ya mara moja kwa siku anayopewa Wakoli kwa presha na kifua kinachobana, imemvimbisha miguu hata viatu haviingii. Nabwile akafungua kopo la majani ya chai, akatoa nifedipini, dawa zake mwenyewe za presha, za asubuhi na jioni.

"Si daktari alisema hizi ni ndugu? Zote zinalegeza mishipa, na miguu yangu iko sawa. Mpelekee. Na atafune, zishike mbio."

Leo asubuhi Wakoli alitafuna mbili. Chai yake haijapoa, akashika kifua, jasho likamtiririka, akaanguka mlangoni.

"Umemlisha nini ndugu yangu?" Hiram, kakake Wakoli, alikuwa akimfokea Rispah huko ndani. "Sema! Ama ni uchawi wenu wa Kitale?"

"Bwana, shusha sauti, utanipandishia wagonjwa wote presha," daktari akasema. "Rispah, lazima nijue mumeo alikula nini, ndio nijue nimpe nini."

Rispah hakujibu. Alikuwa akimficha mamake, na kimya hicho kilimchoma Nabwile kuliko matusi ya Hiram. Akageuka, akaingia. Wakoli alipomwona akavuta shuka, akafunika uso kwa heshima.

"Daktari, ni mimi. Nifedipini, mbili. Nikasema atafune."

Daktari alishusha pumzi. "Mama, ni ndugu, lakini tabia mbalimbali. Yake hupanda polepole, hushika siku nzima. Yako imetengenezwa iyeyuke kidogo kidogo, humezwa nzima. Ukiitafuna inaingia yote mara moja, presha inaanguka, moyo unakimbia. Kwa mtu wa kifua kama huyu ni hatari. Hiyo miguu mngeniambia mimi."

Hiram akainamia sakafu. Nabwile akalisogelea lile shuka.

"Mwanangu, miaka ishirini nakutumia salamu kwa mdomo wa mtoto wangu. Hata maji sijawahi kukupa. Nilitaka mara moja tu, nikusaidie mimi mwenyewe."