Habu ya Kulia

Fundi Sila alizipata habari dukani kwa Nurdini, muuza vipuri, alikokwenda kununua plagi. Rozmin amempelekea Generosa ile pikipiki ya magurudumu manne. Nurdini alilisema jambo hilo bila uzito wowote, kama mtu anayetaja kwamba jana kulikuwa na upepo, huku akipekua rafu. Sila aliitikia kwa kichwa, akatoka, na alikuwa amekwisha kufika karakanani kwake ndipo akagundua kwamba plagi ameiacha kaunta.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna fundi mwingine aliyegusa mashine za familia ile. Marehemu Alnoor, baba yake Rozmin, alikuwa na shamba la zabibu Makutupora, na kila chenye injini shambani humo kilipita mikononi mwa Sila: pampu za maji, trekta, pikapu mbili. Hata hiyo pikipiki nyekundu ya mbio, yenye matairi ya nyuma manene kama mito ya kulalia, Sila ndiye aliyeitoa kwenye kreti lake la mbao na kuifunga magurudumu. Alnoor alipofariki mwaka jana na binti yake kushika shamba, Sila hakuwaza mara mbili. Alijihesabu kuwa naye amerithiwa, pamoja na pampu na trekta.

Generosa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Bukoba, aliyefungua karakana yake hapo Miyuji, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na Sila. Karakana yake ilikuwa na sakafu ya saruji na spana zilizotundikwa ukutani kwa mpangilio, ndogo hadi kubwa. Sila alifanyia kazi chini ya turubai, juu ya udongo ulioshiba oili. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata mkewe, Paulina, alikuwa akimsifu. Generosa alimtengenezea cherehani yake kwa dakika chache tu, cherehani ambayo Sila alikuwa akiahidi kuitazama tangu Pasaka.

Tangu siku ile ya Nurdini, macho ya Sila yalihamia ng'ambo. Akiwa amechuchumaa mbele ya bodaboda ya mtu, mkono mmoja kwenye mnyororo, alikuwa akimwangalia Rozmin anavyocheka na Generosa, anavyoletewa kiti, anavyoinama naye kutazama kitu kwenye injini. Rozmin hakuwahi kuinama naye hivyo. Kwake alikuwa akishuka, anamwamkia shikamoo, anaacha mashine na kwenda zake. Sila alikuwa akiiona hiyo kuwa ndiyo heshima. Sasa alitamani kuletewa ule mcheko.

Jumatatu moja mchana pikipiki ile ilitoka kwa Generosa ikashika barabara ya Makutupora, na Sila akainua kichwa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likicheza. Si sana, mpita njia asingeliona. Lakini yeye aliona ukingo wa tairi unavyoyumba ndani na nje, akajua palepale kwamba habu imelegea, yaani kile chuma cha katikati kinacholishika gurudumu kwenye ekseli.

Hakumwita mtu. Alihisi utamu kifuani, utamu ambao aliuonea haya kidogo, lakini hakuutema. Jumatano Rozmin alirudi, Generosa akakaza nati, akaweka pini mpya, akamuaga. Jumamosi alirudi tena. Juma lililofuata akarudi mara ya tatu. Sila aliyafuatilia marejeo hayo kama mtu anayefuatilia mpira, na dukani kwa Nurdini akaanza kusema, kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wateja wote, kwamba kuna mafundi wanaojua kukaza nati tu, na kwamba spana nzuri ukutani hazimfanyi mtu fundi.

Ijumaa Nurdini alimwambia kwamba Jumapili Rozmin anakwenda Haneti na marafiki zake, kwa njia za vumbi, kupanda na kushuka vilima. Sila alisema, haya, Mungu awatangulie.

Jumamosi asubuhi Generosa alivuka barabara. Alimwamkia, akasubiri amalize kufunga tairi, kisha akafungua kitambaa alichokuwa amekishika. Ndani yake kulikuwa na kipande cha bati jembamba, kimekatwa kutoka kwenye kopo la soda, kimekunjwa na kusagika mpaka kuwa kama jani kavu.

"Mzee, leo nimeamua kuivua kabisa habu ya kushoto, badala ya kukaza," alisema. "Hiki nimekikuta ndani."

Sila alikuwa amekitambua tangu kitambaa kilipofunguliwa. Ekseli ina meno, na habu nayo ina meno kwa ndani. Yakishikana vizuri gurudumu halichezi. Mwaka juzi meno ya habu zote mbili yalikuwa yamelika. Alnoor alitaka kuendesha mwisho wa wiki uleule, na habu mpya zilikuwa Dar es Salaam. Sila akakata kopo, akazungushia bati kwenye meno, akagongea habu juu yake na kukaza kwa nguvu zake zote. Alikusudia kuagiza mpya Jumatatu. Jumatatu Alnoor akalazwa, na baada ya hapo mambo yakawa ya hospitali, kisha ya msiba, na Sila akasahau. Au alijiambia amesahau.

"Nimeagiza habu mbili, zimefika na basi la jana," Generosa aliendelea. "Ya kushoto nitaibadilisha sasa. Ya kulia nimeitikisa, haichezi hata kidogo, na dada Rozmin ana haraka, anasema tuiache mpaka watakaporudi. Ndiyo nikaja kukuuliza. Nayo ina bati?"

Hakusema kwa kejeli. Kama angekuwa na kejeli, Sila angejua la kufanya. Aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake, sauti chini, na mgongo ameugeuzia barabarani ili watu wasione alichokishika. Wema huo ndio uliomkaba Sila. Aliona kwamba mwanamke huyu amemzidi sakafu, amemzidi mteja, amemzidi hata kwa mkewe, na sasa anataka kumzidi kwa utu.

"Nitajuaje mimi," alisema. "Kule shambani kila mtu anajifanya fundi. Waulize wao."

Generosa alimtazama kidogo. "Sawa, mzee," akasema, akakunja kitambaa chake, akavuka.

Sila aliketi juu ya tairi. Ya kulia alikuwa ameizungushia bati mara mbili, ndiyo maana ilikuwa bado imeshika. Kwenye lami ingeweza kushika mwezi mzima. Kwenye mawe ya Haneti, mtelemkoni, lile bati lingesagika kama mwenzake, na meno yaliyobaki yangeachia. Na gurudumu likichomoka, watu wangeuliza nani aliyeigusa pikipiki mwisho. Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara, limevaa ovaroli safi. Hata asingehitaji kusema uongo mwingine. Wa asubuhi ungetosha.

Alikwenda nyumbani mchana kula, hakula. Paulina alimwuliza kama anaumwa. Akamjibu vibaya, kwamba kama anataka mtu wa kuzungumza naye aende kwa Generosa, kisha akaondoka akiwa amevaa ndala za mtoto bila kujua.

Alipofika karakanani pikipiki ilikuwa imeshatolewa nje, Rozmin ameshapanda, kofia ngumu mkononi. Sila alipita moja kwa moja hadi ng'ambo, lori likimpigia honi. Alisimama mbele ya usukani.

"Usiondoke nayo, mama. Habu ya kulia ina bati. Nililiweka mimi, na hilo la kushoto nililiweka mimi. Asubuhi nimeulizwa nikakana."

Rozmin alishuka taratibu. Alimtazama Generosa, ambaye alikuwa ameinamisha macho, kisha akamgeukia Sila.

"Baba alijua?"

"Hapana. Nilimwambia imepona."

"Na mimi naenda Haneti kesho. Hilo ulilijua?"

"Nililijua tangu jana."

Hakumfokea. Aliweka kofia juu ya kiti, akaenda kusimama kivulini na kuwapa mgongo. Sila angependa kufokewa.

Waliivua wawili. Generosa alichomoa pini na kufungua nati, lakini habu ilikataa kutoka, ikabidi Sila alete kivutio chake, chuma cha kung'olea habu alichokichomelea mwenyewe zamani. Walizungusha kwa zamu mpaka ikaachia kwa mlio. Bati lilitoka vipandevipande. Generosa aliyasafisha meno ya ekseli kwa brashi ya waya na petroli, akayapitia moja moja kwa ukucha, akasema ekseli ni nzima. Akapaka grisi, akaingiza habu mpya, nayo ikateleza kwenye meno na kutulia, bila nyundo. Kisha akachukua spana yake yenye kipimo, ile inayolia ikifikia nguvu inayotakiwa. Sila alimwangalia akikaza mpaka ikalia, akisogeza nati mpaka tundu lake likaelekeana na la ekseli, akipitisha pini na kuikunja. Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii, kwa macho ya miaka thelathini ya kazi, na hakuliona. Hata katika saa ile, akiwa ameaibika mbele ya mtoto wa Alnoor, bado roho ilimchoma kwa jinsi ile spana ilivyokuwa nzuri.

Jumapili walikwenda Haneti, wakarudi jioni wamejaa vumbi, wazima wote.

Jumatano trekta la shamba lilikuja Miyuji, likafuatiwa na pikapu yenye pampu mbili nyuma. Vyote vilikata kona kuingia kwa Generosa. Rozmin alimpungia Sila mkono kutoka kwenye pikapu, kwa adabu, kama mtu anavyompungia jirani. Dukani kwa Nurdini, siku hiyohiyo, mteja mmoja alisema kwamba yule mama wa Miyuji anajua kukaza nati tu. Sila aliyajua maneno hayo yalikotoka. Alisema hapana, ni fundi mzuri, na ilimchukua nguvu zaidi kulitoa neno hilo kuliko kuzungusha kile kivutio.

Jioni Paulina alimwekea ugali na mlenda. Sila alikaa mbele ya sahani, mikono imeoshwa, bila kumega.

"Namwonea wivu," alisema mwishowe. "Yule mwanamke. Mpaka sasa hivi, hapa nilipokaa."

"Najua," Paulina alisema, akamsogezea mboga. "Kula, inapoa."