Heroe wa Plastiki

Celeste alimchagulia mumewe, Travis, jiwe la kijivu lisilo na kitu ila jina na miaka. Travis alikuwa amekufa kwa ajali ya lori kwenye barabara yenye barafu, nje kidogo ya mji wa Duluth, na Celeste aliona kilichomfaa sasa ni utulivu.

Loretta, mama yake Travis, aliona vingine. Kila Jumapili alikuja na kitu: maua ya plastiki, taa za sola za umbo la kipepeo, mwisho heroe wawili wa plastiki, ndege wa miguu mirefu, wa rangi ya waridi ya kuumiza macho, akawachomeka ubavuni mwa jiwe.

Dada yake Celeste alipowaona, alicheka. "Kaburi hili, au meza ya mitumba?"

Aibu ikamwingia Celeste. Kesho yake alirudi peke yake, akazoa vyote kwenye mfuko mweusi, akautupa jalalani.

Jumapili iliyofuata Loretta alifika, akamkuta Celeste kaburini, akasimama akiangalia nyasi zilizotoboka.

"Nani kavichukua?"

"Mimi, Mama. Vilikuwa... havipendezi."

"Havimpendezi nani?"

Celeste akageukia jiwe.

"Wale ndege alininunulia yeye," Loretta akasema, bila kupandisha sauti. "Mshahara wake wa kwanza ule, kijana wa kuosha vyombo hotelini. Akaniambia, 'Mama, bustani yetu imenuna, ngoja niichekeshe.' Niliwang'oa kwangu nikamletea."

"Hakuwahi kuniambia."

"Angekuambiaje? Ulikuwa ukitoka kwangu unacheka hadi nyumbani."

Ni kweli. Celeste alikumbuka alivyokuwa akiyacheka ndani ya gari mapazia ya Loretta na saa yake inayolia kama jogoo. Travis alikuwa akiendesha kimya, macho barabarani, naye Celeste akidhani wanacheka pamoja.

Celeste aliendesha gari mbio hadi jalalani. Mtu wa zamu akamwonyesha kwa kidole rundo lililokwisha kushindiliwa na mashine. "Pole, dada. Humo hakitoki kitu."

Loretta hakuonekana tena makaburini siku za Jumapili. Mwezi mzima ulipopita, Celeste alienda kubisha kwake. Loretta alimfungulia, akamketisha sebuleni, akamletea kahawa kwenye kikombe kizuri, cheupe kisicho na ua, kile cha wageni. Akamuuliza habari za kazi na za theluji, akimjibu kwa adabu kila alichosema, mpaka kahawa ikapoa na Celeste akaona ni heri aondoke.