Mgeni wa Mikia Minne

"Hakuna kirukacho juu ya milima hii nisichokijua," bibi mzee Nna Johar alimwambia mkazamwana wake, Tawes, kisha akajicheka mwenyewe. "Ila jana nilimwamkia kunguru, nikidhani ni mjomba wako."

Kicheko kilikatika alipomwona Mezyan, mlinzi wa mashamba, akipanda njia. Mtini mweusi wa Nna Johar ulikuwa umechumwa upande mzima, na baraza la kijiji lilikuwa halijafungua msimu. Kabla ya siku hiyo, hakuna aliyeruhusiwa kugusa tini, hata za mti wake.

"Nna, bibi yangu, mchana nitakutaja barazani," alisema Mezyan. "Umekula kabla ya siku."

Tangu Nna Johar aolewe, jina lake halikuwahi kutajwa pale kwa ubaya.

"Mimi? Kwa meno haya mawili?"

"Tini haitaki meno."

"Na wewe, joho la sufu kwenye jua la Agosti! Unaatamia mayai?"

"Homa, Nna. Nasikia baridi, tumbo limefunga. Mwaka huu tini sijaionja hata moja."

Hapo ndipo mgeni alipotokea bondeni, mbawa zikipiga kama shuka inayokung'utwa. Alikuwa kipepeo, lakini kipepeo gani! Mpana kama kiganja, rangi ya kahawa, pindo la rangi ya moto, na mikia minne, miwili kila upande. Alipofumba mbawa, upande wa chini ulikuwa umepangwa mistari myeupe juu ya wekundu wa kutu, bila uzi mmoja kupotea. Nna Johar, aliyefuma mazulia ya mabibi harusi wa kijiji kizima, akayaonea haya mazulia yake.

"Ni nani huyu?" akanong'ona.

"Kipepeo tu. Wa maua," alisema Mezyan.

Wa maua? Mgeni aliyapita maua ya zaatari bila hata salamu. Akatua kileleni mwa mtini, kwenye tini moja iliyopasuka, akakunjua ulimi mrefu, akanywa taratibu kama sultani kwake.

"Jina silijui, ila ukoo nimeujua," Nna Johar alisema, uso ukimng'aa. "Huyu ni wa tini. Ua kwake ni makapi. Mtazame, Tawes, mtazame anavyojua kizuri!"

Kipepeo akainuka, akawazunguka wote watatu, kisha akashuka mgongoni mwa Mezyan. Akaingia ndani ya kofia ya joho iliyoning'inia pale, nzito kuliko kofia tupu.

"Anapenda sufu," alisema Mezyan bila kugeuka.

"Basi itikise aondoke."

Mezyan hakuitikisa. Tawes alizunguka nyuma yake, akajiziba mdomo. Kwenye sufu nyeupe, doa jekundu lilikuwa linapanuka, linanata, linanukia.

"Jasho hilo," alisema Mezyan. "Jasho la homa."

"Pole, mwanangu," Nna Johar akamjibu, macho hayabanduki kwa yule mgeni mzuri aliyekuwa akinywa. "Homa yako ina mbegu."